Kanisa jipya lisiumeze ukumbi

Katika ukumbi wetu wa jumuiya hapa Buswelu tumeagia wafu, tumeoza mabinti, vikoba vimehesabiana fedha na watoto wamepimwa uzito. Sasa waumini wamefurika, na kamati ya ujenzi inataka kuunganisha kanisa la kisasa ubavuni. Mimi ni fundi mwashi, siupingi mpango huo. Napinga mchoro: mnara, vioo vya bluu visivyofunguka, na mlango wa ukumbi wa upande wa barabara kuzibwa ili pawe sakristia.

Tuanze chini. Ardhi yetu ya Mwanza ni ya miamba. Ukichimba msingi, kona moja jembe linagonga jiwe, kona ya pili unazama kwenye kichanga. Upande wa kichanga utatitia, wa jiwe hautatitia, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Ukumbi umekwisha kukaa miaka mingi, kanisa jipya ndiyo kwanza litaanza kukaa. Kuzifunga kuta hizo mbili kwa nondo ni kuuambukiza ule wa zamani nyufa za ule mpya. Achieni mwanya baina yao, mfunike kwa bati lililokunjwa. Na pale paa mbili zinapokutana wekeni mfereji mpana kweli; mvua za huku hazibembelezi.

Vioo navyo! Saa sita mchana, chini ya bati, watu mia mbili wakiimba, mnawafungia hewa halafu mnachangisha fedha za feni. Tofali za matundu zilizopangwa juu karibu na kenchi zingetoa joto bure.

Wanaodhani kanisa la kisasa lazima lifanane na benki waende Bujora, hapo jirani Kisesa. Miaka ya 1950 Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alijenga kanisa la mviringo kwa kufuata nyumba za Kisukuma, na makumbusho ya Wasukuma yakakua papo hapo. Nauli ya kumpeleka mchoraji wetu ni ndogo kuliko bei ya kioo kimoja.

Ule mlango wa barabarani ubaki. Ukumbi ulijengwa kwa michango ya Waislamu na wa madhehebu mengine pia, na hakuna haki ya kumtaka mama aliyeleta mtoto kupimwa apite kwanza mbele ya madhabahu yetu.