Wachungaji, msiwafiche waumini historia ya Biblia

TUSEMEZANE
Na Yohana Mbwilo

Kijana aliyelelewa kanisani, akapita shule ya Jumapili, kipaimara na kwaya, leo anaambiwa kwenye simu yake kwamba Yesu hakuwahi kuishi. Jioni akipita uwanja wa mihadhara, anasomewa Biblia yake mwenyewe na kuelezwa kwamba imechezewa. Anapoyapeleka maswali hayo kwa mchungaji wake, mara nyingi anajibiwa kwa ufupi: usihoji, amini tu. Jibu hilo ninalipinga, kwa sababu linawapoteza vijana wetu na halina haja ya kuwepo.

Mabishano haya yanachanganya maswali matatu. La kwanza ni kama Yesu wa Nazareti aliishi. La pili ni kama maandiko yanayomhusu yametufikia salama. La tatu ni kama yeye ni Mwana wa Mungu. Mawili ya kwanza ni ya historia, na mtu wa dini yoyote anaweza kuyapima. La tatu ni la imani. Mhubiri anayelijibu la kwanza kwa hoja za la tatu hamsaidii anayeuliza.

Kuhusu la kwanza, ushahidi upo na hautoki kwa Wakristo peke yao. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, aliandika karibu mwaka 116 kuhusu moto ulioteketeza Roma mwaka 64. Humo anaeleza kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato, Tiberio akiwa Kaisari. Kabla yake, mnamo mwaka 93, mwanahistoria Myahudi Josephus alitaja katika kitabu chake kuuawa kwa Yakobo, akamtambulisha kuwa ndugu wa Yesu. Ni kweli kwamba sehemu nyingine ya kitabu hicho, inayomsifu Yesu, wataalamu wengi wanaona imetiwa maneno na mkono wa Mkristo, na hilo nalo tuliseme wazi. Lakini Paulo, akiandika katika miaka ya 50, anawaeleza Wagalatia kwamba alionana na Yakobo huyo huyo Yerusalemu. Mtu wa kubuniwa hana ndugu wa kukutana naye.

Liko na jambo la msalaba. Warumi waliwasulubisha watumwa na waasi, na kifo hicho kilikuwa aibu kuu. Mtu aliyetaka kubuni Masihi wa kuwavutia Wayahudi asingemchagulia kifo cha namna hiyo. Ndiyo maana hata Bart Ehrman, msomi wa Marekani aliyeiacha imani ya Kikristo, alitoa kitabu mwaka 2012 kutetea kwamba Yesu aliishi kweli.

Swali la pili ni gumu zaidi, na hapo ndipo ukimya wa wachungaji unapoumiza. Hatuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa na Marko au Paulo kwa mkono wake. Tulicho nacho ni nakala za nakala. Kipande kinachotajwa sana kuwa cha zamani kuliko vyote kimehifadhiwa Manchester, Uingereza. Ni cha sentimita 9 kwa 6 hivi, kina mistari michache ya Pilato akimhoji Yesu katika Injili ya Yohana, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha karne ya 2. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya, nzima na vipande, zinapita 5,000, nazo zinatofautiana. Tofauti nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno, lakini chache ni kubwa. Marko 16:9-20 haimo katika Codex Sinaiticus wala Codex Vaticanus, nakala mbili mashuhuri za karne ya 4. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana 8, nacho hakimo. Maneno ya 1 Yohana 5:7 kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni, msomi Erasmus aliyaacha alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, akalaumiwa, akayaingiza mwaka 1522.

Haya hayakufichuliwa na maadui wa Kanisa. Watawa walizitunza nakala hizo, wasomi Wakristo wakazilinganisha, na tafsiri nyingi za kisasa huziwekea aya hizo mabano au tanbihi. Wala imani haikujengwa juu yake. Habari ya ufufuo imo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, iliyotangulia Injili zote. Mababa wa Kanisa walioandika kwa Kigiriki katika karne ya 4 waliutetea Utatu bila kuitegemea ile aya ya 1 Yohana.

Yapo na magumu ambayo hayatokani na wanakili. Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa mfalme, naye Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo, kwa hesabu ya wengi. Luka anakutaja kuzaliwa huko pamoja na sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, ambayo Josephus anaiweka mwaka wa 6 baada ya Kristo. Wasomi wamependekeza majibu mbalimbali na bado wanabishana. Muumini ana haki ya kulijua hilo.

Kwa wanaosimama kwenye mihadhara, wa pande zote, naomba haki ya kipimo kimoja. Waislamu wanakiri kwamba Isa bin Mariamu aliishi, kwa hiyo ubishi wetu nao ni kuhusu msalaba na nafsi yake. Anayemtumia Ehrman kuibomoa Biblia ya jirani akumbuke kwamba Ehrman huyo huyo anakiri Yesu alisulubiwa. Na Mkristo anayeichambua Kurani kwa mbinu anazozikataa kwa Biblia yake hatendi haki.

Wachungaji wengi waliopita vyuo vya theolojia walifundishwa haya yote. Yasiishie kwenye daftari za chuo. Kila usharika utenge jioni kadhaa kwa mwaka, vijana na wazee waifungue Marko 16, wasome tanbihi pamoja, waulize, wajibiwe. Mficha uchi hazai. Kijana aliyeisikia habari ya nakala hizi kwa mchungaji wake hatadhani amedanganywa atakapoisikia kwa mgeni. Aliyefichwa ataondoka, na ataondoka akiamini kwamba kila alichofundishwa kilikuwa uongo, hata kile kilichokuwa kweli.

Luka anaifungua Injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza mambo haya kwa uangalifu tangu mwanzo, ili msomaji wake awe na hakika. Kanisa linaloisoma Injili hiyo kila mwaka halina sababu ya kuwanyima watoto wake uchunguzi uleule.