Mambo ya Afya: Kisigino Kiumacho Asubuhi

Wenyeji wa Meru na Embu ni watu wa miguu. Mchuma chai wa Imenti au wa Rukuriri husimama mteremkoni tangu umande haujakauka, kisha huenda na kapu lake mgongoni mpaka kituo cha kuuzia majani. Mkulima wa kahawa wa Runyenjes hubeba gunia mpaka kiwanda cha ushirika, na mchuma miraa wa Igembe hupanda na kushuka miti kutwa. Mwalimu husimama mbele ya ubao, askari husimama njia panda, na karani, ingawa huketi mezani, aghalabu huenda kwa miguu kutoka nyumbani mpaka kituo cha basi. Kazi zote hizo hutegemea mfupa mmoja ambao mtu haukumbuki ila siku uanzapo kumwuma, nao ni mfupa wa kisigino.

Maumivu ya kisigino yana desturi yake, na mwenye kuijua desturi hiyo yu karibu kuujua ugonjwa wenyewe. Mtu hulala salama, lakini alfajiri akishuka kitandani na kukanyaga sakafu, huhisi kama amekanyaga msumari. Huchechemea hatua kumi au ishirini, kisha uchungu hupungua, naye huenda shambani akidhani umekwisha. Akiketi kula chakula cha mchana na kuinuka, uchungu hurudi. Jioni, baada ya kazi ya kutwa, kisigino huwaka tena. Mahali paumapo hasa ni chini ya kisigino, upande wa ndani kidogo, na mtu akipabonyeza kwa kidole gumba hushtuka.

Wengi hudhani kwanza kwamba ni mwiba au funza. Si vibaya kutazama, kwa kuwa funza wapo, na hupenda kuingia visiginoni na penye kucha. Basi kisigino kioshwe kwa maji na sabuni, kisha kitazamwe mwangani. Ikiwa hakuna tundu, wala doa jeusi, wala usaha, haifai kabisa kukichimba kwa sindano au kukichanja kwa wembe ili kutafuta kitu kisichokuwamo. Jeraha la namna hiyo huweza kuingiwa na pepopunda, na mtu aliyetaka kutibu uchungu wa kisigino akapata ugonjwa wa kumwua.

Wengine huenda hospitali, wakapigwa picha ya eksirei, na katika picha hiyo huonekana ncha ya mfupa iliyochomoza kisiginoni kama mwiba. Hapo hofu huingia. Mgonjwa akisikia habari za mwiba wa mfupa, husadiki kwamba huo ndio umchomao kila akanyagapo, na kwamba hatapona mpaka ukatwe. Mtu mwenye hofu hiyo huwa tayari kuuza mbuzi, au kuitumia bonasi yote ya chai, ili amlipe mpasuaji. Fedha hizo zingefaa karo ya watoto, na aghalabu upasuaji wenyewe hauhitajiki.

Hofu hiyo ni ya zamani. Mjerumani Röntgen alivumbua eksirei mwaka 1895, na mwaka 1900 daktari mmoja wa Ujerumani, jina lake Plettner, aliandika habari za ncha hiyo ya mfupa wa kisigino. Kwa miaka mingi baadaye ncha hiyo ilihukumiwa kuwa ndiyo mkosaji, kwa sababu ndiyo iliyoonekana pichani. Lakini watu wasioumwa walipopigwa picha vile vile, ilijulikana kwamba yapata mtu 1 katika kila 10 anayo ncha hiyo, na wengi wao hawana habari nayo. Tena wako waumwao sana ambao picha zao hazina ncha yo yote. Zaidi ya hayo, mgonjwa mwenye ncha akiisha kupona, akipigwa picha mara ya pili, ncha huonekana ipo pale pale. Kama ndiyo iliyokuwa ikichoma, uchungu umeondokaje na yenyewe imebaki? Wala ncha hiyo haielekei chini kwenye ngozi, kama watu wadhanivyo, bali huelekea mbele, upande wa vidole.

Mkosaji hasa ni ukano. Chini ya ngozi ya wayo mna ukano mpana, mgumu, uliofungwa nyuma katika mfupa wa kisigino, ukatandaa mbele mpaka kwenye mashina ya vidole vyote vitano. Kazi yake ni kuushika uvungu wa wayo usilale chini, kama kamba iushikavyo upinde. Kila hatua ukano huo huvutwa. Ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, hupata michaniko midogo midogo pale ulipofungwa mfupani, na mwili haupati nafasi ya kuitengeneza. Usiku, vidole vya mguu vikiwa vimeelekea chini, ukano hufupika na kukakamaa. Hatua ya kwanza ya asubuhi huunyoosha kwa ghafula, na hiyo ndiyo sababu ya uchungu wa alfajiri. Ile ncha ya mfupa ni alama tu ya mvuto wa miaka mingi, kama sugu katika kiganja cha mwenye jembe. Hakuna mkulima akataye sugu akidhani kwamba amepunguza kazi ya jembe.

Yako mambo yazidishayo mvuto huo. La kwanza ni kusimama au kutembea muda mrefu mahali pagumu, kama sakafu ya saruji au barabara ya lami. Huko Uingereza ugonjwa huu uliitwa kisigino cha polisi, kwa ajili ya askari waliokwenda doria kwa miguu. La pili ni uzito, uwe wa mwili wenyewe au wa mzigo. Mama aliyebeba kuni mgongoni kwa kamba ya kichwani hukanyaga kwa uzito wake na wa kuni pamoja. La tatu ni kukakamaa kwa misuli ya shavu la mguu, jambo liwapatalo wapandao vilima, na pia makarani waketio kutwa bila kujinyoosha. La nne ni viatu: ndara zilizokwisha kisigino, gambuti zenye soli bapa, na viatu vya ofisini vyenye soli nyembamba. Hata akala, ingawa mpira wa gurudumu hauchakai upesi, ni ngumu chini ya kisigino. La tano ni kuongeza kazi kwa ghafula, kama msimu wa kuchuma kahawa ufikapo na mtu akatembea maradufu ya desturi yake. Ugonjwa huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, lakini vijana nao hawakusalimika.

Matibabu ya kwanza hayana gharama, nayo ni kuunyoosha ukano kabla haujashtushwa. Asubuhi, kabla ya kukanyaga chini, mgonjwa aketi kitandani, aweke mguu uumao juu ya goti la pili, ashike vidole vyake vyote na kuvivuta kuelekea muundi, mpaka auhisi ukano umekaza chini ya wayo kama uzi wa zeze. Ahesabu polepole mpaka 10, aachie, kisha arudie mara 10. Afanye hivyo mara 3 kwa siku, na hasa kabla ya kuinuka baada ya kuketi kwa muda mrefu. Karani aweza kufanya hivyo papo hapo kitini pake.

Zoezi la pili ni la misuli ya shavu la mguu. Mgonjwa asimame kuelekea ukuta, aweke mikono ukutani, arudishe nyuma mguu uumao, goti likiwa limenyooka na kisigino kikiwa chini. Kisha ainame mbele polepole mpaka misuli ivutike, akae hivyo kwa muda wa nusu dakika, na kurudia mara 3. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Uchungu ukianza kupungua, ukano hutakiwa kutiwa nguvu. Watafiti wa Denmark walijaribu zoezi moja lililofaa. Mgonjwa asimame ukingoni mwa ngazi, visigino vikiwa nje, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, na mkono ukishika ukuta. Ainuke polepole kwa hesabu ya 3, akae juu kwa hesabu ya 2, ashuke kwa hesabu ya 3. Afanye mara 12, siku moja afanye na siku ya pili apumzike.

Jioni, baada ya kazi, baridi husaidia kutuliza uchungu. Chupa ijazwe maji baridi, ilazwe sakafuni, na mgonjwa aiviringishe chini ya wayo kwa muda wa dakika 10 au 15. Maji ya mito ishukayo kutoka Mlima Kenya ni baridi ya kutosha.

Viatu navyo vitengenezwe. Mtu asitembee pekupeku juu ya saruji, hata nyumbani. Anunuapo viatu vya mitumba, atazame kwanza kisigino kama hakikuliwa upande mmoja, kisha aweke ndani kipande cha sponji au mpira laini chini ya kisigino. Mizigo mizito ichukuliwe kwa toroli au kwa punda pawezekanapo, na mwenye unene uliopita kiasi ajitahidi kuupunguza. Si lazima kuacha kazi kabisa, ila kazi yenye kuzidisha uchungu ipunguzwe kwa majuma machache.

Vidonge vya kutuliza maumivu, kama ibuprofeni, huweza kutumiwa siku chache, lakini haviponyi ukano. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mja mzito wasivitumie bila kumwuliza daktari. Iko pia sindano ya dawa ya steroidi ipigwayo kisiginoni. Huleta nafuu ya majuma kadhaa, lakini ikirudiwa mara nyingi huweza kuufanya ukano ukatike, au kuukonda ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino. Upasuaji ni kwa wachache ambao wamejaribu mambo haya yote kwa miezi mingi bila nafuu.

Linalotakiwa zaidi ni subira. Katika kila wagonjwa 10, aghalabu 8 au 9 hupata nafuu katika muda wa mwaka mmoja bila kupasuliwa. Wengi huacha mazoezi baada ya juma moja kwa kuwa hawajaona tofauti, na hapo huyahukumu kabla hayajapewa nafasi. Ukano uliochanika kwa miezi hauwezi kuungana kwa siku saba.

Lakini si kila uchungu wa kisigino ni huu. Mtu aliyeanguka kutoka mti wa miraa au wa makadamia akafikia visigino, na sasa hawezi kukanyaga, huenda amevunjika mfupa. Apelekwe hospitali siku ile ile. Kisigino kilichovimba na kuwa chekundu, pamoja na homa, chataka daktari upesi. Hali kadhalika uchungu usiopungua hata usiku mtu akiwa amelala, au mguu uliokufa ganzi. Kijana aumwaye visigino vyote viwili pamoja na mgongo uliokakamaa kila asubuhi naye apimwe. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitibu mwenyewe, wala asiukande mguu kwa maji moto au jiwe la moto, kwa kuwa huweza kuungua asihisi. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 aumwaye kisigino baada ya mchezo aghalabu ana taabu ya mfupa unaokua. Apumzishwe, na uchungu usipokwisha aonwe na daktari.

Hospitali za rufaa za Meru na Embu, na zile za misheni za Chogoria, Nkubu na Maua, hupokea wagonjwa wa namna hii. Yafaa mgonjwa aulize pia habari za mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mwenye kutibu viungo kwa mazoezi, ili amwonyeshe namna ya kunyoosha sawasawa. Tena asingoje mpaka ashindwe kufika shambani, maana uchungu wa majuma mawili hutibika upesi kuliko wa mwaka mzima. Udongo uwahi ungali maji.