Picha Ni ya Aliyeitundika

Mjadala uliozuka baada ya toleo letu lililopita umenikera, na sioni sababu ya kuificha kero hiyo. Wasomaji kadhaa wanashikilia kwamba lithografia ya rangi, yaani picha zinazochapwa kwa mawe, ndiyo iliyowafundisha watu wa kawaida kutamani wasivyovihitaji: mchapaji akatoa picha ya kuvutia, mwenye sabuni akailipia, mnunuzi akatii. Lawama hizi ni za zamani. Mwaka 1874 E. L. Godkin, mhariri wa jarida la The Nation la New York, alizitaja picha hizo za bei nafuu kuwa alama ya ustaarabu wa juujuu. Alikosea, na wanaomfuata leo wanakosea vilevile.

Kwamba wafanyabiashara walijua wanachokitafuta, hilo halina ubishi. Watengenezaji wa sabuni ya Pears walichukua mchoro wa msanii Millais wa mtoto anayepuliza mapovu, wakauongezea kipande cha sabuni, wakautawanya kila mahali. Mchapaji Louis Prang wa Boston aliweza kutumia mawe zaidi ya 20 kwa picha moja, kila rangi na jiwe lake, karatasi ikirudi mashineni tena na tena bila kusogea hata kidogo. Gharama za namna hiyo hazilipwi bila soko. Lakini tukiishia kiwandani tumesoma nusu ya habari.

Tazameni bango lililochapwa Hamburg katika miaka ya 1880 na kampuni ya Adolph Friedländer. Linamwonyesha mwanamke mcheza na nyoka wa maonyesho ya Carl Hagenbeck: nywele nyingi zilizotimka, nyoka amemzunguka mwilini, mikono imeinuka. Kazi yake ilikuwa kuuza tiketi. Likavuka bahari hadi Afrika Magharibi, na kufikia 1901 kinyago cha mbao kilichochongwa kwa kulifuata kilikuwa kimekwisha kupigwa picha Bonny, katika delta ya Niger. Watu waliokuwa na roho zao za majini tangu zamani walimtambua humo Mami Wata, mmoja wa roho hizo. Katikati ya miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Kumasi waliagiza nakala 12,000 za picha hiyo kutoka Bombay. Hagenbeck alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa na tiketi ya kuuzwa. Soko lilikuwa la waumini, na wao ndio walioamua nini kichapwe.

Ukoo wa picha hiyo umefika hadi kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Katika Lubumbashi ya miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani waliuza picha za Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki, mara nyingi akiwa na nyoka, na familia zikazitundika sebuleni.

Nitaambiwa huo ni mfano wa pekee. Basi fungueni madaftari ambamo Wamarekani wa karne ya 19 walibandika kadi za matangazo: maua kando ya maua, watoto kando ya watoto, dawa ya kikohozi ubavuni mwa cherehani. Aliyezipanga alifuata jicho lake, wala si orodha ya bidhaa.

Kati ya makala za toleo hili, ile kuhusu mtambo wa uchapaji wa mchoraji Raja Ravi Varma, ulioanzishwa Bombay mwaka 1894, inazifuata picha za mungu wa kike Lakshmi hadi ukutani, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ile inayomhusu Jules Chéret, msanii wa mabango, inaeleza mawe na wino kwa umahiri mkubwa, ila haimuulizi mpita njia wa Paris chochote.

Maktaba na makumbusho yetu yanaorodhesha karatasi hizi kwa jina la mchapaji na mwaka, kisha basi. Hilo halitoshi. Yaandike pia nani aliitundika kila picha, katika chumba gani, na alikata maneno gani kabla ya kuigongomea. Kuanzia toleo hili, picha yoyote tutakayoichapa itaambatana na maelezo hayo kila yanapopatikana, na mwandishi asiyeyatafuta atarudishiwa makala yake.