Nyumba Isiyosikia Kigogo

Imejengeka imani, hasa miongoni mwa waandaaji wa maonyesho ya teknolojia, kwamba amri ya sauti ndiyo itakayobomoa ukuta uliopo kati ya mashine na mwananchi wa kawaida, kwa kuwa kila mtu hujua kusema hata kama hajui kusoma. Basi bibi wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, ataiagiza nyumba yake iwashe taa, na saa aliyoivaa mkononi itamweleza mapigo ya moyo wake. Imani hiyo inapendeza, lakini imesimama juu ya dhana potofu kuhusu namna mashine inavyosikia.

Spika ya nyumbani husubiri neno la kuiamsha, kisha kwa kawaida huyatuma maneno yanayofuata kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, ambako mawimbi ya sauti huchambuliwa na programu iliyofunzwa kwa hazina kubwa ya sauti za watu wengine hadi yapatikane maandishi, na maandishi hayo ndiyo hugeuzwa kuwa amri inayorudi kwenye balbu. Asiyejua kusoma, aliyeahidiwa kuepushwa na maandishi, amepitishwa humo humo bila kuyaona, wala hawezi kuyasahihisha yanapokosewa. Amazon ilianza kuuza spika ya Echo mwaka 2014, na miaka kumi baadaye msaidizi wake, Alexa, alikuwa bado hajafundishwa Kiswahili, sembuse Kigogo cha bibi huyo.

Watetezi watajibu kwamba Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kwamba mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea. Ni kweli, na kazi hiyo inastahili shukrani. Hata hivyo, sauti zinazokusanywa kwa njia ya intaneti hutolewa na wenye intaneti, tena aghalabu wanaosoma sentensi zilizokwisha kuandikwa, ilhali anayetajwa kuwa mnufaika ni mzee asiyesoma, ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya Kigogo na ambaye huchanganya lugha mbili katika sentensi moja.

Suala la umeme halihitaji maneno mengi: nyumba ya namna hiyo ingekuwa bubu wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023.

Kwa upande wa vifaa vya kuvaliwa, kinachostahili kuzungumzwa Mpwapwa, wilaya iliyowapa jina ng'ombe waliozalishwa kwa kuchanganya zebu wa kienyeji na Sahiwal na Sindhi wa Asia, ni hereni ya kielektroniki ya mifugo. Chipu yake haina betri, bali huamshwa na mawimbi ya kifaa cha kuisoma, nayo hutoa namba ya utambulisho inayomwonyesha mnyama huyo katika daftari la usajili, jambo lililowekewa msingi na sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010. Haimsemeshi mtu wala haihitaji kusemeshwa, na kwa mfugaji aliyeibiwa ina maana zaidi kuliko saa yoyote ya mkononi. Ila hata hereni hiyo humnufaisha kwanza mwenye kifaa cha kuisoma, na ndiyo maana mfugaji aliyetakiwa kuilipia alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini gharama iwe yake.

Swali hilo hilo, la nani hunufaika na nani hugharimika, halijaulizwa kuhusu sauti. Tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliondoa chaguo lililowawezesha wenye baadhi ya spika za Echo kuzuia rekodi zao zisitumwe kwenye seva. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haimsaidii mtu aliyeambiwa kwamba anazungumza na taa tu. Wanaotaka sauti imtumikie bibi wa Kibakwe waanze kwa kupeleka vinasa sauti Kibakwe, wawalipe wazungumzaji wa Kigogo kwa saa wanazozitoa, na waandike katika mkataba unaosomwa kwa sauti, kwa Kigogo, rekodi hizo zitakuwa mali ya nani.