Jani la Njano Lililogeuka Kijivu

Zana za kufundishia husifiwa sana vyuoni mwetu, na kwa haki. Hata hivyo sisi tunaokagua mazoezi ya kufundisha hatuna budi kusema kwamba zana nayo huweza kudanganya, na mwalimu aliyeitengeneza kwa mikono yake asitambue.

Mwanachuo wetu mmoja, akifundisha Sayansi katika shule moja ya msingi huko Nyamiaga, wilayani Ngara, alitayarisha picha ya mgomba wenye mnyauko bakteria. Alichagua vema. Mkoa wa Kagera hula ndizi, na ugonjwa huu umewaumiza wakulima wake tangu miaka ya 2000. Tena haifai kubeba vipande vya mgomba mgonjwa kupita mashambani, kwa maana bakteria huenezwa na panga, na wadudu wanaozuru ua dume, na hata na machipukizi yanayohamishwa. Hapo picha ina nafasi yake halali.

Picha aliyoipiga kwa simu ilikuwa safi. Iliyofika darasani ilikuwa karatasi ya kijivu. Watoto walipoulizwa jani gonjwa ni lipi, wengi walionyesha lililokuwa kivulini, ambalo lilikuwa zima kabisa. Nao ndio wanaoshika panga jioni nyumbani.

Baada ya kipindi tuliketi naye mbele ya kompyuta, tukairudia safari ya picha kinyumenyume, kutoka karatasi hadi simu. Ndiyo njia tunayoipendekeza kwa kila hitilafu ya namna hii: rudi nyuma hatua moja, tazama, kisha badili jambo moja tu. Anayebadili matano kwa pamoja hatajua lipi lililoponya.

Kosa la mwisho lilikuwa kwenye mashine ya fotokopi. Njano na kijani kibichi hukaribiana kwa mwangaza, hivyo rangi zikiondolewa huweza kuwa kijivu kimoja. Dawa ipo. Picha ya kompyuta hujengwa kwa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Njano ina nyekundu nyingi. Kijani cha jani ina kidogo. Ukiunda picha ya nyeusi na nyeupe kwa kutumia sehemu ya nyekundu peke yake, jani gonjwa hung'aa na jani zima huwa jeusi. Katika GIMP, programu ya bure tunayoitumia, chombo cha kuchanganya sehemu hizo kimo katika menyu ya rangi. Tulijaribu palepale, na tofauti ikajitokeza.

Kabla ya hapo palikuwa na kosa la faili. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya kuhifadhi katika GIMP hutoa faili la XCF pekee, lenye tabaka zote za kazi. JPEG au PNG hupatikana kwa amri nyingine, ya kutoa nakala. Mwanachuo alipeleka XCF stesheneri, haikufunguka. Kwa haraka akaipiga picha skrini ya kompyuta, akaituma kwa WhatsApp, na kilichochapwa kilikuwa na upana wa pikseli 640 tu. Ukitandaza pikseli 640 juu ya upana wa A4, unabakiwa na nukta 77 hivi kwa kila inchi, ilhali chapa nzuri huhitaji 300, yaani pikseli 2480. Yafaa pia ikumbukwe kwamba JPEG hupoteza kitu kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Faili la simu lisiguswe. Kazi ifanywe juu ya nakala.

Makosa hayo yote ni ya ufundi, nasi hatumlaumu sana. Mawili ya mwanzo ndiyo yaliyotusumbua. Alikuwa amebonyeza amri ya kusawazisha rangi yenyewe. Amri hiyo huvuta kila moja ya rangi tatu hadi ijaze kipimo chake. Picha iliyojaa njano ina upungufu wa buluu, basi buluu ikapandishwa, na njano ikapauka. Programu haijui kwamba njano ile ndiyo somo. Kisha, kwa chombo cha kufuta madoa, akaondoa matone ya njano yaliyotoka kwenye shina lililokatwa, akidhani ni uchafu. Matone hayo ni usaha wa bakteria, dalili ambayo mkulima hufundishwa kuitafuta!

Wapo wenzetu wanaosema mambo ya picha aachiwe mwenye stesheneri. Hatukubaliani nao. Mwenye stesheneri hutafuta picha ya kupendeza, na hana sababu ya kujua usaha ni nini. Vumbi la kioo, kidole kilichoingia pembeni, upeo uliolala upande: hayo na yasafishwe bila wasiwasi. Lakini mwalimu asifute doa asilolijua jina lake, na kabla ya kuchapa aisimamishe picha iliyorekebishwa kando ya ile ya asili, akimwuliza mwenzake asiyeliona shamba dalili ngapi anaziona katika kila moja.

Mwanachuo alirudi darasani juma lililofuata na karatasi mpya. Safari hii alimpa kila mtoto kalamu ya rangi ya njano, wapake wenyewe majani yaliyong'aa.