Mke Si Dawa ya Padre

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Mbagala na Temeke hata Manzese na Kinondoni, liko neno moja lisilokosa kusemwa baada ya sala za jumuiya, watu wanapokunja mikeka. Padre fulani, wasema, ameonekana na mwanamke. Padre mwingine, wasema, ana mtoto mahali. Mengi ni porojo, machache ni kweli. Kisha mmoja hutoa shauri lake, na wengine huitikia: "Waacheni mapadre waoe, na aibu hizi zitakwisha." Sisi walimu tumelisikia shauri hili mara nyingi, tukanyamaza. Leo twataka kulijibu, kwa maana twaona ya kuwa ndani yake mna dharau, wala si kwa padre peke yake. Imo dharau kwa mke, na kwa ndoa yenyewe.

Kwanza tuseme kweli, mtu asije akadhani kwamba twatetea sheria kwa hofu. Useja wa mapadre si mojawapo ya Amri Kumi. Ni sheria ya Kanisa. Mtume Petro alikuwa na mkwewe, na Injili yaeleza jinsi Bwana wetu alivyomponya homa. Mtume Paulo alipomwandikia Timoteo juu ya askofu, alitaka awe mume wa mke mmoja. Ni kweli pia kwamba Bwana aliwasifu wasiooa kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni, na Paulo alitamani wengi wawe kama yeye, ila hakuwalazimisha. Katika karne ya nne maaskofu waliokutana Elvira, nchi ya Hispania, waliwaagiza makasisi wenye wake wajizuie. Na mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano ulitangaza kwamba padre akioa, ndoa yake si ndoa. Hata leo sheria hiyo ni ya Kanisa la Kilatini, ndilo letu. Wakatoliki wa mashariki, kama Wamaroni wa Lebanoni na Wakatoliki wa Ukraina, wanao mapadre wenye wake na watoto, nao humtii Papa kama sisi. Basi asemaye kwamba sheria hii haiwezi kubadilika kamwe, huyo amekosea. Kilichowekwa na Kanisa, Kanisa laweza kukiondoa.

Lakini sasa turudi kwenye shauri la mkekani. Wasema padre aoe ili asizini. Je, mke ni dawa? Sisi wenye wake twajua jibu. Kama ndoa ingalimzuia mtu asizini, mabaraza ya usuluhishi katika kata zetu yasingalikuwa na kazi. Aliyezoea kudanganya kabla ya harusi hudanganya na baada ya harusi, tena kwa hila zaidi. Na yule binti wa watu atakayeozwa kwa mtu wa namna hiyo amekosa nini, hata afanywe kifuniko cha aibu ya mwingine? Nani kwenu atamtoa binti yake akisema, "Mchukue huyu, usije ukazini"? Mahari ya namna hiyo hatujaisikia. Ndoa ni wito, nao ni mzito kama upadre. Haikuwekwa iwe hospitali ya walioshindwa na wito mwingine.

Wako wengine wasemao, "Mwafrika hawezi useja, kwetu mtu asiyezaa si mtu." Maneno haya yatuuma kuliko yale ya kwanza, kwa kuwa twajitukana kwa kinywa chetu wenyewe. Waganda wawili, Victoro Mukasa na Basil Lumu, walipewa upadre mwaka 1913. Kwetu, katika nchi ya Bukoba, mapadre wa kwanza walipata daraja hilo mwaka 1917. Wazazi wao walipenda wajukuu kama tupendavyo sisi. Laurean Rugambwa alipewa upadre mwaka 1943, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam hata mwaka 1992. Je, yeye hakuwa Mwafrika? Na masista wetu wanaokesha na wagonjwa, mbona hatusemi kwamba wao hawawezi? Twamwona mwanamke kuwa na nguvu ya kushika nadhiri, kisha twamtetea mwanamume kana kwamba ni mtoto mdogo asiyejiweza.

Wala hatusemi kwamba ndoa yamchafua mhudumu wa Mungu. Ndugu zetu Waanglikana wa misheni ya UMCA walimpa upadre Cecil Majaliwa huko Unguja mwaka 1890. Alikuwa mtu aliyekombolewa utumwani, naye alikuwa ameoa. Alifanya kazi kati ya Wayao huko Chitangali, mbali sana na wenzake, wala hakuna awezaye kusema kwamba mke alimzuia kuhubiri. Lakini useja nao una faida yake. Wamisionari Wabenedikto walifika Pugu, nje ya mji huu, mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni yao ilivamiwa, watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu asiye na nyumba wala watoto huweza kwenda mahali kama pale bila kuwaacha wajane na yatima. Njia hizi mbili zote ni njema. Ubaya ni kuchukua moja kwa ahadi, kisha kuishi nyingine kwa siri.

Labda mtu atatuuliza, "Basi ninyi mwataka nini?" Twajibu wazi. Kama Kanisa litawapa upadre watu waliooa, na lifanye hivyo kwa sababu ya njaa ya Misa, si kwa sababu ya aibu. Katika sensa ya mwaka 2022 Temeke ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni watu 982,328. Tangu mwaka 1976, maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipoziweka Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa kazi yao, wengi wa wanaotuongoza katika sala ni watu wenye ndoa. Tumtazame katekista wetu. Huwafundisha watoto Komunyo ya kwanza, huwafariji wafiwa, huongoza ibada padre asipofika. Na jioni hurudi kwa mkewe na watoto, majirani wote wakimjua. Mtu wa namna hiyo ameonekana. Ndoa yake kwake ni ushahidi, si dawa.

Kanisa lenyewe limekwisha kuigusa njia hiyo. Mwezi wa Juni 1967 Papa Paulo wa Sita, katika muda wa siku sita tu, alitoa barua mbili. Ya kwanza iliweka taratibu za mashemasi wa kudumu, nao waweza kuwa watu wenye wake; ya pili iliuthibitisha useja wa mapadre. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alifungua mlango kwa makasisi Waanglikana wenye wake wanaoingia Kanisa Katoliki. Mwezi wa Oktoba 2019 sinodi ya Amazonia iliomba wazee waliooa, wenye sifa njema, wapewe upadre kwa ajili ya vijiji vinavyokaa muda mrefu bila Misa. Barua ya Papa Fransisko ya Februari 2020 haikuwapa walichoomba. Sisi twaona ombi lile lilikuwa la haki, nalo laweza kuombwa tena kwa adabu. Ila anayeliomba na ajiulize kwanza: yeye anayenung'unika juu ya michango leo, kesho atakubali kuwalisha na kuwasomesha watoto wa padre?

Bali padre aliyekwisha kuahidi, habari yake ni nyingine. Hata mashariki aliyeoa hupewa daraja, wala aliyepewa daraja haoi. Wengine humtaja Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lusaka, kana kwamba ni shujaa. Alioa mwaka 2001, na mwaka 2006 akawapa uaskofu watu wanne waliooa bila idhini ya Papa; akatengwa na Kanisa, na mwaka 2009 akavuliwa daraja. Sheria haikubadilika. Mtu hajengi nyumba ya wote kwa kuvunja ukuta wa chumba chake.

Na padre aliyezaa je? Huyu asitafutiwe ndoa ya kumfunika, wala asihamishwe parokia usiku. Aombe kufunguliwa, aende akamlee mtoto wake mchana, watu wakiona. Mwaka 2019 Vatikano ilikiri kwamba ina maagizo kwa jambo hili, na msingi wake ni mema ya mtoto: padre aache upadre, achukue wajibu wa baba. Nasi wakristo tujihukumu hapo. Ni nani humwambia binti anyamaze, "usilitie Kanisa aibu"? Ni nani humsingizia kwamba ndiye aliyemtega padre, hata akahama mtaa na mimba yake? Si maaskofu tu. Ni sisi, wenye mikeka ile ile.

Basi, ndugu, mara nyingine shauri lile litakapotolewa, msiitikie upesi. Mwulizeni msemaji: "Wataka padre apate mke, au wataka watu wapate Misa?" Akisema Misa, kaeni mzungumze naye hata usiku, kwa maana ana neno. Akisema mke ili aibu ifichwe, mwambieni akamtazame kwanza mama yake, na dada yake, na binti yake, ndipo aseme ni nani kati yao amemweka tayari kuwa dawa.