Shimo linapimwa mbele ya baruti

Wandugu wachimbaji wa Manono, na ninyi wamama munaosoma nyumbani, leo tunataja jambo ambalo wanaume tunalificha: kansere ya prostati, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mwanaume.

Kuna matibabu yake yanayofanana na kazi yetu. Wanganga wanachukua mbegu za chuma zenye mionzi, ndogo kama punje ya mchele, na kuzipanda ndani ya tezi kwa sindano. Zinaweza kufika 100. Zile za iodini 125 zinapoteza nusu ya nguvu kila siku 60 hivi.

Kazi ngumu ni kuzipanda mahali pake. Juu kuna kibofu, nyuma kuna utumbo wa haja kubwa, njia ya mkojo inapita katikati. Mbegu zikienda pembeni, kansere inabakia na nyama nzima inaungua. Mutu aliyetoboa jiwe anaelewa: shimo likipinda, baruti inapasua pasipotakiwa.

Miaka ya 1970, kule New York, wanganga walifungua tumbo na kupanda kwa mkono bila kuona ndani. Mbegu zilikaa ovyo, kansere ikarudi kwa wengi. Mwaka 1983 Hans Henrik Holm na wenzake wa Denmark walionyesha njia nzuri: ekografi inaingizwa kwa nyuma, sindano inafuatwa kwa macho mpaka inapofika. Leo wanapima mbele, wanachora mpango, wanapanda, kisha wanapiga picha kuhakikisha. Afrika ya Kusini wanaifanya.

Juu ya nini tunayasema haya hapa? Mbegu hizo zinafaa wakati kansere iko bado ndani ya tezi. Sisi tunakwenda kwa munganga wakati mifupa inauma tayari. Hapo hata fundi bora amechelewa. Na mwanzoni kansere hii mara nyingi haiumi.

Waajiri watasema hii si ajali ya kazi. Sawa. Lakini mutu aliyetoa miaka 20 kwenye machimbo hastahili kufukuzwa na ugonjwa bila kupimwa. Tunadai mapatano ya kazi yaandike mambo mawili: kuanzia miaka 50, na mapema zaidi kama baba au ndugu aliugua, mfanyakazi aonane na munganga juu ya kipimo cha damu cha PSA, na akikutwa nayo, safari ya matibabu ilipwe. Ng'ambo ya ziwa, hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam inatibu kansere kwa mionzi.

Na wewe, baba unayeamka mara tano usiku kukojoa, usinyamaze. Pengine si kansere. Nenda ukapimwe.